Mkate wa tini juu ya jipu

Bwana asifiwe wapendwa, mnisamehe tafakari imechelewa, nimekwama Isaya 38 tangu Jumapili na sijatoka bado.

Mfalme Hezekia anaumwa, anaambiwa atengeneze mambo ya nyumba yake maana atakufa, anageukia ukutani, anaomba, analia sana, na Mungu anamwongezea miaka 15. Mimi hapo ningefunga Biblia nikasema amina. Lakini shuka mpaka mstari wa 21 umkute Isaya, nabii yule yule aliyeleta ahadi, anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Yaani ahadi imeshatoka na dawa bado inabandikwa, na hatusomi popote kwamba kuna mtu alimwambia nabii imani yake haba.

Ikanirudisha mwaka 2020, ile miezi ya korona. Mjomba wangu alikohoa siku sita na neno hospitali hataki kulisikia, anasema kule ukiingia hutoki, halafu akamalizia na "damu ya Yesu inatosha", sasa hapo nani atabishana, tukanyamaza wote. Ila tuseme ukweli jamani, ile ilikuwa hofu tu, imejifunika maneno ya ibada. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa nayo, alivyokataa nilishukuru kimoyomoyo, maana wa kumpeleka ningekuwa mimi.

Na ubaya ni kwamba hofu yake ilikuwa na ushahidi. Watu walikuwa wanakaa nyumbani mpaka pumzi inakata, wanakimbizwa dakika za mwisho, wanafariki, afu sisi tuliobaki tunasema si unaona, hospitali inaua, na anayefuata naye anachelewa zaidi. Wakati wa Ebola, 2014 mpaka 2016, kule Guinea, Liberia na Sierra Leone ilikuwa hivyo hivyo, kuna kina mama waliogopa kwenda kujifungulia hospitali na wenye malaria wakajificha ndani, wengine wakafa kwa vitu ambavyo vina dawa.

Halafu kuna ile aibu, watasema tumemkosea nini Mungu. Wanafunzi nao walimuuliza Yesu swali hilo kuhusu yule kipofu kwenye Yohana 9, akawajibu si yeye wala wazazi wake.

Basi jirani akaja na kile kimashine cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu. Mjomba anaongea vizuri tu, anatutania, kimashine kinasoma 84, wakati mtu mzima mwenye afya kawaida ni 95 kwenda juu. Korona ilikuwa na ujanja huo, oksijeni inashuka na mwenyewe wala hasikii kama anakosa hewa. Akaitazama ile namba, akageukia ukutani. Hatukujua kama analia au anaomba. Muda ukapita sana, kisha akasema nileteeni viatu.

Kuingia kumwona haikuruhusiwa, na mimi ile "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama" nilikuwa naihubiri kila mwaka, sasa nimesimama nje ya geti nimeshika chupa ya chai ambayo hakuna wa kuipokea. Tukaomba naye kwa simu, nesi kamshikia, sauti inakatika katika.

Alitoka baada ya siku 11. Kile kimashine hajamrudishia jirani mpaka leo, kila asubuhi anajipima kwanza ndo anapiga magoti.