Miaka mitatu ya deiwaka wa mtandaoni, na swali moja la intavyu

Juzi jumamosi mdogo wangu kaja kunitembelea hapa Buzuruga, yuko mwaka wa kwanza chuo anasoma uhasibu kama niliosoma mimi. Tumekula ugali na sato, tumemaliza, ndo akatoa simu akanionyesha meseji ya WhatsApp. Kuna jamaa anataka kumkodisha akaunti ya kuandika kazi za wanafunzi wa nje, akaunti ina nyota zake tayari na wateja wake, yeye anatakiwa aingie tu aanze kazi, hesabu anapeleka kila ijumaa na kinachobaki ni chake. Akaniuliza, "Dada unaionaje hii, si ndo ule mchongo uliokuwa unafanya wewe?"

Nikamwambia ntakujibu. Jibu ndo hili, naliweka hapa kwa sababu najua meseji ile hajatumiwa peke yake.

Kuanzia mwishoni mwa 2019 mpaka mwanzoni mwa 2023 nimeandikia watu insha. Geto langu lilikuwa Mkolani, chumba kimoja na laptopu ya mtumba ambayo betri ilikuwa imekufa, umeme ukikatika na kazi imekatika. Mama yuko mwaloni Kirumba anauza dagaa, na wanaojua mambo ya ziwa wanajua dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikishawaka wavuvi wanapumzika na mama mkono unakuwa mtupu, sasa bumu, yani hela ya mkopo wa chuo, likichelewa na mwezi nao uko juu unamwambia nini? Kwahiyo alipotokea mtu akasema kuna kazi ya mtandaoni sikuuliza maswali mengi.

Nilikuwa nalipwa dola 3 kwa ukurasa. Enzi hizo dola ilikuwa kama shilingi 2,300, yani ukurasa mmoja ni elfu saba kasoro kidogo, usiku mmoja ukipiga kurasa nane una elfu hamsini na tano na asubuhi unaingia darasani macho mekundu. Siidharau hela ile hata kidogo. Ililipa kodi ya chumba, ililipa matibabu ya mama mwaka ule alipoumwa mgongo, na kuna muhula mzima mdogo wangu huyuhuyu alisoma sekondari kwa hela ile. Na kusema ukweli nilijifunza pia, nimeandika kuhusu uuguzi wa wazee, historia ya reli, masoko, nimejua kutafuta taarifa haraka na kuandika Kiingereza kilichonyooka. Mtu akikwambia kazi zile hazina faida yoyote huyo hajawahi kulala bila kujua kesho atakula nini.

Ila kwenye ile akaunti mimi sikuwa mimi. Jina lilikuwa la mwanaume, picha ya mtu nisiyemjua, wasifu unasema ana shahada ya uzamili ya nje. Mwenye akaunti sijawahi kumuona, tulikuwa tunaandikiana tu.

Watu wa Mwanza tunamjua deiwaka. Anaamka saa kumi alfajiri anapiga ruti ya Buzuruga na Nyegezi mpaka usiku, jasho ni lake na mgongo ni wake, lakini gari siyo lake, jioni hesabu kwa tajiri, na siku tajiri akiamka na mawazo mengine deiwaka anashuka pale stendi hana hata karatasi moja ya kuonyesha aliendesha. Ndo nilivyokuwa, kwa miaka mitatu na miezi.

Alafu Novemba 2022 ChatGPT ikatoka, ile akili mnemba inayomwandikia mtu insha yenyewe. Mimi niliisikia kama wengine, sikuitilia maanani, ila kufika Februari oda zilizokuwa kumi kwa wiki zikawa mbili, kisha hakuna. Siku moja asubuhi nimeingia naambiwa nenosiri siyo sahihi. Nikajaribu tena na tena. Nikamtumia jamaa meseji, tiki moja, mpaka leo tiki moja. Nilikuwa namdai dola 214. Utaenda kumshtaki nani, wapi, kwa jina gani wakati na wewe mwenyewe ulikuwa unatumia jina la mtu mwingine?

Lakini hiyo siyo iliyoniuma zaidi. Iliyoniuma ni intavyu.

Katikati ya 2023 niliitwa kwenye ofisi moja ya ukaguzi wa hesabu hapa mjini, kazi ya kuanzia. Mezani watu watatu. Kwenye CV nilikuwa nimeandika mwandishi wa kujitegemea mtandaoni kuanzia 2019 hadi 2023, nikaona inapendeza, miaka mitatu siyo mchezo. Mmoja akasema vizuri sana, tuonyeshe kazi mbili tatu ulizoandika, na kama kuna mteja wako tunaweza kumpigia tupe namba. Nikakaa kimya. Zile kazi zote zimeshauzwa, kila moja ina jina la mwanafunzi fulani huko aliko, sina hata ukurasa mmoja ninaoweza kusema huu ni wangu, na mteja wa kumpigia simu simjui. Nikaanza kueleza eleza pale maneno hayaungani, ndo yule mama mtu mzima aliyekuwa hajaongea muda wote akaniuliza taratibu, "Mwanangu, zilikuwa kazi za shule za watu?" Nikasema ndio mama. Akaniambia hapa sisi kazi yetu ni kusaini hesabu za watu, sahihi yetu ndo kila kitu. Hakusema kwa ubaya. Kazi sikupata na siwalaumu.

Nilirudi nyumbani nikafanya kitu ambacho nilitakiwa nikifanye miaka mitatu kabla, nikaanza kusoma. Maadili ya wahasibu yana misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na umakini, kutunza siri, na mwenendo wa kitaaluma. Uadilifu ndo wa kwanza, na mimi nilikuwa najiandaa na mitihani ya Novemba ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, wakati historia yangu ya kazi yote ni kumsaidia mtu kudanganya mwalimu wake. Nikakuta pia kumbe Australia walishatunga sheria mwaka 2020, na Uingereza mwaka 2022 wakafanya kuwa kosa la jinai kwa England kutoa au kutangaza huduma ya kuwaandikia wanafunzi kazi kwa malipo. Na hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Mimi siyo mwanasheria na sisemi polisi wanatafuta watoto wa chuo, nasema tu nilikuwa nafanya kitu ambacho sikuwahi kujua kimekaaje kisheria, na nilikuwa nasomea fani ambayo mtu anakuamini na vitabu vyake vya hela.

Na siyo insha peke yake. Rafiki yangu mmoja ni muuguzi, wakati yuko chuo alikuwa anatangaza dawa za kuongeza shepu Instagram, analipwa kwa posti. Alishaacha, alishasahau kabisa. Siku anaomba kazi kwenye hospitali moja binafsi matroni akageuza simu akamwonyesha posti yake mwenyewe, ana koti jeupe, ameshika kikopo. Alilia sana yule binti, maana ile hela ilikuwa ya ada.

Mama yangu hajasoma mbali ila magunia yake ya dagaa yana herufi mbili amezichora kwa rangi nyekundu, tangu niko mdogo. Wanunuzi wanaopeleka mzigo Congo wanapiga simu wanasema tuletee za yule mama, hawaji hata kuangalia. Mwaka mmoja mzigo ulikuwa na mchanga, watu walianika chini badala ya kwenye chanja, magunia yakarudishwa na mama akayapokea akarudisha hela ya watu, aliumia kweli lakini herufi zilikuwa zake atakataaje? Gunia lisilo na alama nalo linauzwa pale mwaloni, bei ya siku hiyohiyo, na kesho yake hakuna anayelikumbuka. Nilikuwa nayaona magunia yale kila siku na sikuwahi kuyafikiria kwenye mambo yangu.

Baada ya pale nilianza upya na hela ikawa ndogo kweli. Nikawa naweka vitabu kwenye Excel vya duka moja la pembejeo Mabatini na vya wamama wawili wa dagaa, wananilipa wanavyoweza. Upwork, soko la kazi za mtandaoni, nikafungua akaunti yangu mwenyewe, wanataka kitambulisho na sura yako kwenye kamera, na masharti yao yanakataza kumpa mtu mwingine akaunti. Mwaka ule makato yao yalikuwa asilimia 10. Kazi ya kwanza ilichukua karibu miezi miwili kupatikana, kulinganisha taarifa ya benki na daftari la mtu mwenye duka dogo huko nje, dola 15. Dola 15 kwa siku tatu! Ila nilipomaliza yule mteja aliandika sentensi mbili za kunisifia na juu yake kuna jina langu kamili, nilizisoma sijui mara ngapi.

Intavyu ya 2024 nilikuja na laptopu. Niliomba ruhusa kwa mwenye duka la Mabatini, nikafuta majina na namba za watu, nikawaonyesha. Nikapata, mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya samaki, ndo nipo mpaka sahivi. Siku ya kusaini mkataba nikakuta kipengele cha kazi za nje, nikamwambia bosi ukweli kwamba wikendi nafanya vitabu vya watu mtandaoni, akasema sawa mradi siyo washindani wetu na siyo muda wa ofisi, akaiandika kwenye barua. Hili naomba msilipite haraka, muulize mwajiri mapema, barua ile ninayo kwenye faili.

Sasa mdogo wangu. Nimemwambia yote haya kwa simu jana usiku, akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akasema, "Lakini dada, hela ile ndo ilinisomesha mimi." Ni kweli. Sikuwa na la kubishana hapo na sitaki kumdanganya kwamba ninalo. Nilichomwambia ni kwamba kodi ya geto lake kwa miezi mitatu ntalipa mimi, laptopu yangu ya zamani aje aichukue, betri nimeshabadilisha, na yule mwenye duka Mabatini anatafuta mtu wa kumwekea vitabu jumamosi. Elfu ishirini kwa wiki, siyo nyingi.

Jamaa wa akaunti anataka jibu ijumaa. Mpaka naposti hii mdogo wangu hajaniambia atamjibu nini.