Ukuta wa Hadrian kwa wikiendi moja, bila gari

Kila niliyemuuliza kabla sijaenda alinipa jibu lile lile: kama huna gari, Ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi wa kale kaskazini mwa Uingereza, usijisumbue nao, panda basi la watalii uende kwenye mawe ya kale ya Stonehenge yaishe. Maneno haya bado yanazunguka kati yetu tunaoishi Uingereza, na yananikera kwa sababu si kweli. Mimi niliuona ukuta ule kwa treni, Metro (treni ya mjini Newcastle), basi na miguu, Jumamosi na Jumapili, na najivunia mpango wangu kiasi kwamba nautoa wote hapa.

La kwanza ni msimu. Basi la ukutani linaitwa AD122, jina lililotokana na mwaka 122, ujenzi ulipoanza kwa amri ya Kaisari Hadrian. Ratiba yake ni nzuri miezi ya joto. Baridi ikiingia, mabasi hupungua sana, na ngome ya Kirumi ya Arbeia kule South Shields, karibu na Newcastle, hufunga milango. Ukienda Januari, hapo nakubali, tafuta gari.

Treni ya London King's Cross hadi Newcastle ni kama saa tatu. Tiketi za bei nafuu zikatwe wiki nyingi kabla, na ujue kwamba zimefungwa kwenye treni uliyochagua: ukiikosa, unanunua nyingine kwa bei ya kuumiza. Mkiwa wawili, chukueni kadi ya punguzo la treni ya Two Together. Inakata theluthi ya nauli, na wikiendi haina kizuizi cha saa za asubuhi. Bei yake ni paundi thelathini na kitu kwa mwaka, nayo hujilipa upesi. Malazi yawe Newcastle, karibu na stesheni, maana safari za siku zote mbili zinaanzia hapo.

Wengi hukimbilia ukutani kwanza, wakakuta mawe yenye nyasi, wakarudi wakilalamika kwamba hakuna cha kuona. Anza na Great North Museum: Hancock, makumbusho ya mjini Newcastle, hatua chache kutoka kituo cha Metro cha Haymarket. Kuingia ni bure. Katikati ya ukumbi wa Warumi kuna mfano mdogo wa ukuta mzima, kutoka Wallsend mashariki hadi Bowness-on-Solway magharibi, kilomita 117 kwa uhalisia. Tembea kando yake taratibu. Utaona kwamba kila maili ya Kirumi, karibu kilomita moja na nusu, palikuwa na kingome chenye lango, na kati ya kingome na kingome minara miwili. Ukishaushika mpangilio huo, kesho ukikutana na msingi wa mraba porini utajua ni mnara au kingome, na unaweza kukisia kinachofuata kiko wapi.

Humo humo zimo madhabahu za hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa na askari wa Kirumi, kutoka Carrawburgh, mahali pengine penye ngome ukutani. Moja usiipite haraka: mungu amechongwa na miali ya jua kichwani, na miali hiyo imetobolewa hadi upande wa pili wa jiwe. Taa ikiwekwa nyuma, mwanga unatokea kichwani mwake. Ukienda hekaluni kwenyewe utakuta nakala tu, kwa hiyo hii ya makumbusho ndiyo ya kuangalia.

Mchana chukua Metro hadi South Shields, kisha tembea dakika kama kumi hadi Arbeia. Fika mapema, kwa sababu makumbusho ya huku hayangoji jioni. Lango la magharibi limejengwa upya juu ya msingi wake wa kale, na ndilo linalokuonyesha urefu ambao mawe ya porini hayawezi kukuonyesha. Lakini mimi ningeenda hata kama pasingekuwa na lango, kwa ajili ya mawe mawili ya makaburi. La kwanza ni la Victor, kijana wa miaka 20, Mmoor wa Afrika Kaskazini, aliyekuwa mtumwa wa mpandafarasi aitwaye Numerianus kisha akaachwa huru. Maandishi yanasema Numerianus ndiye aliyemsindikiza kaburini kwa moyo wote. La pili ni la Regina, mwanamke wa kusini mwa Uingereza aliyefariki akiwa na miaka 30. Ameketi kwenye kiti cha kusukwa, kikapu cha sufu kando yake. Mumewe Barates, mtu wa Palmyra huko Syria, alimkomboa utumwani akamwoa. Chini ya Kilatini kuna mstari wa maandishi ya Palmyra: Regina, mwachwa huru wa Barates, ole. Anayedhani Uingereza ya kale ilikuwa ya watu wa aina moja asomeshwe mawe haya. Ngome hiyo hiyo iligeuzwa bohari ya chakula cha jeshi wakati wa Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna nchini Libya, aliyekuja kupigana kaskazini akafia York mwaka 211.

Jumapili ndiyo siku ya ukuta, na hapa mpangilio ni kila kitu. Nilikuwa nimeshauriwa kushuka Housesteads, ngome ya Kirumi iliyo ukutani, na kutembea kuelekea magharibi. Nilijaribu, na huo ni ushauri mbaya. Upepo wa maeneo yale mara nyingi unatoka magharibi, kwa hiyo unakupiga usoni juu ya majabali njia nzima. Mvua ikija inakuingia machoni. Na ukifika Vindolanda, ngome nyingine ya Kirumi iliyo kusini kidogo mwa ukuta, wanakaribia kufunga.

Geuza mpango. Panda treni ya Carlisle hadi Hexham, kisha AD122, ukanunua kwa dereva tiketi ya siku nzima. Ratiba ya basi ipige picha ukiwa bado mjini, maana mtandao huko juu unakatika. Pita Housesteads bila kushuka, nenda moja kwa moja Vindolanda, inayofunguliwa saa nne asubuhi. Kadi za uanachama za English Heritage na National Trust, taasisi zinazotunza maeneo ya kale, zinakuingiza bure Housesteads, ila Vindolanda ina taasisi yake na lazima ulipe.

Vindolanda ipewe saa mbili kamili. Ardhi yake ya chini ina maji na haina hewa, kwa hiyo vitu ambavyo kwingine vingeoza vimebaki: viatu vya ngozi kwa maelfu, hata vya watoto wadogo, na barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vipande vya mbao vyembamba sana, ukubwa wa kadi ya posta. Za kwanza zilipatikana mwaka 1973. Utengee muda ukumbi wa makumbusho unaovionyesha, hata ukilazimika kupunguza muda wa magofu ya nje.

Toka Vindolanda ukiwa umeshakula, kisha nenda The Sill, kituo cha wageni, kwa basi au kwa miguu nusu saa na kitu, na upande hadi Steel Rigg, juu kwenye ukuta. Sasa elekea mashariki, upepo ukiwa mgongoni. Hadi Housesteads ni kama kilomita tano, lakini usizihesabu kama kilomita za barabarani. Unashuka ngazi za mawe kwa kushika pembeni, unapanda tena, unashuka tena; tenga saa mbili na nusu. Utapita kwenye bonde la Sycamore Gap, ambako mti maarufu ulikatwa usiku mmoja wa Septemba 2023, kisha juu ya ziwa la Crag Lough ambapo jabali linakatika ghafla upande wa kushoto. Viatu viwe vya kushika, kwani mawe yakilowa yanateleza kama sabuni. Usipande juu ya ukuta. Sehemu ndogo inayoruhusiwa iko kwenye miti kabla tu ya Housesteads.

Ndani ya ngome ya Housesteads, anza na ghala: vijiguzo vya mawe vilivyoinua sakafu ili hewa ipite chini na nafaka isivunde. Halafu shuka hadi vyoo, pembe ya kusini-mashariki. Vimewekwa hapo kwa sababu ndipo chini kabisa, na maji ya mvua ya ngome nzima yaliteremkia huko yakasafisha mfereji. Mfereji wenyewe bado upo.

Kutoka ngomeni hadi barabarani ni kama mita 800 za mteremko, kwa hiyo ondoka dakika ishirini kabla ya basi. Na usipange kupanda la mwisho, panga linalotangulia. Treni za Jumapili jioni nazo zikague tena asubuhi yake, maana matengenezo ya reli hufanywa wikiendi na unaweza kukuta basi badala ya treni.

Barua nyingi za Vindolanda hazipo Vindolanda. Ziko British Museum, London, na baadhi zimeonyeshwa chumba namba 49, bure. Imo ile ya Claudia Severa akimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa Vindolanda, kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake, karibu mwaka 100. Mistari ya mwisho ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na mwandiko wake ni tofauti kabisa na wa karani aliyeandika sehemu ya juu.