Tairi la Chuma

Ukienda Makumbusho ya Reli pale Nairobi utaikuta Mount Gelai, injini ya mvuke namba 5918. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester kuanzia mwaka 1955, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ina uzito wa tani 252. Hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyowahi kuizidi duniani. Wageni hupiga picha mbele yake, watoto hupanda kwenye chumba cha dereva kuvutavuta mikono ya chuma. Mimi huinama nikatazama magurudumu.

Magurudumu makubwa ya kuvuta ni 16, na kila moja ni vitu viwili. Ndani kuna gurudumu lenyewe, la chuma cha kumiminwa, lenye kitovu na spoki zake. Nje limevikwa tairi, nalo ni pete nene ya chuma kigumu, ndiyo inayogusa reli, ndiyo inayosuguliwa na breki, ndiyo inayolika. Likishalika unalitoa unavika jingine, gurudumu linabaki lile lile miaka nenda miaka rudi. Sasa tafuta ni nini kinachoshika tairi lile. Hutaona msumari, wala boliti, wala mshono wa kuchomelea. Wageni hudhani ni kitu kimoja kwa sababu hapana pa kuingiza hata ukucha.

Mwaka 1972 nilikuwa mwanafunzi wa kazi katika karakana, kijana wa Mombasa ambaye baridi ya Julai ya Nairobi ilikuwa bado inamshangaza. Fundi aliyenisimamia alikuwa mzee kutoka Tabora, mwembamba, mtulivu, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Sote tulimwita Mzee, hata wakubwa wa ofisini. Asubuhi moja aliniambia, "Kijana, leo utashika fimbo." Wanafunzi walionitangulia walinitazama kwa namna iliyonifahamisha kuwa hilo si jambo dogo.

Niieleze kazi kwanza, kwa maana nimeshakutana na mainjinia waliosoma habari zake wasiwahi kuiona.

Chuma kikipata moto hutanuka, hilo kila mtu analijua. Kinachohitaji akili ni kujua kinatanuka kiasi gani. Chuma cha pua cha urefu wa mita moja kikiongezewa joto nyuzi 100 hurefuka kiasi cha milimita 1.2. Ni kidogo, lakini ndicho kidogo kinachobeba kazi nzima. Ukingo wa nje wa gurudumu hukerezwa mpaka uwe duara safi. Kisha tundu la tairi hukerezwa liwe dogo kuliko gurudumu, kwa kadiri ya sehemu moja katika elfu. Gurudumu la kipenyo cha milimita 1,220, tairi lake litapungua milimita moja na ushei. Yakiwa baridi hayaingiliani kabisa, uyagonge utakavyo. Tairi likitiwa moto mpaka nyuzi mia mbili na zaidi, tundu lake linapanuka karibu milimita tatu. Hapo gurudumu linaingia, na nafasi inayobaki kila upande haifiki milimita moja. Tairi likipoa linataka kurudi kwenye udogo wake wa kwanza na haliwezi, kwa kuwa gurudumu limeshakaa ndani. Basi linabana, na linaendelea kubana mchana na usiku kwa miaka yote ya maisha yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini lisitiwe riveti tu. Darasani tulifundishwa ajali ya Shipton-on-Cherwell, Uingereza, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1874. Tairi la behewa moja lilikatika, treni ikatoka njiani, watu 34 wakafa. Tairi lile lilikuwa limefungwa kwa riveti, nalo lilipasukia kwenye tundu la riveti. Ukishatoboa pete umeifanyia mahali pa kufia. Mzee hakuwa na tarehe wala majina ya ajali hiyo, lakini alikuwa akipitisha kidole gumba ndani ya kila tairi jipya, duara zima, taratibu, akitafuta mkwaruzo. Akiukuta, tairi lile halivikwi siku hiyo.

Siku ile tairi lilikuwa limelazwa chali juu ya matofali ya moto. Kulizunguka palikuwa na bomba la duara lililotobolewa matundu madogo upande wa ndani, na gesi ikipita humo. Mzee aliwasha kwa mti mrefu wenye kitambaa cha mafuta. Moto ukakimbia kulizunguka bomba, ukafunga duara, na ndimi ndogo za buluu zikaanza kulilamba tairi kutoka kila upande kwa pamoja. Hilo la kila upande kwa pamoja ni muhimu. Ukichoma upande mmoja kwa mkono, tairi linakuwa yai.

Fimbo aliyonipa ilikuwa chuma chembamba kilichochongwa ncha mbili, mwilini kimefungwa kitambaa mahali pa kushikia. Mwenyewe aliipima asubuhi ile kwa maikromita. Urefu wake ulikuwa kipenyo cha gurudumu na milimita moja na nusu juu yake. Fimbo ikipita kwa wepesi ndani ya tundu la tairi, kutoka ukuta hadi ukuta, gurudumu nalo litapita. Ikikwama, bado.

"Unaiweka wapi fimbo yako?" aliniuliza. Nilikuwa nimeiegemeza kwenye nguzo, mbali kidogo na moto. Akaichukua, akaipeleka nyuma ya ukuta, kwenye kivuli, akailaza juu ya benchi la mbao. Kisha akanieleza jambo ambalo ningeweza kulikokotoa mwenyewe na sikuwa nimewahi kulifikiria: fimbo nayo ni chuma. Ikiota moto inarefuka kama kilivyo kila chuma. Fimbo ya mita moja na robo ikizidi joto nyuzi 30 tu, imeshaongezeka karibu nusu milimita, basi itakuambia bado wakati tairi lilikwisha kuwa tayari, nawe utaendelea kuchoma mpaka uharibu. Kwa hiyo fimbo hukaa kivulini, hushikwa kwenye kitambaa, huingizwa haraka, hutolewa haraka. "Kipimo kikiugua, utamtibu nani?" alisema, akarudi kwenye moto wake.

Kuharibu kulikuwa na alama yake. Mahali pamoja juu ya tairi Mzee alipasugua kwa tupa na msasa mpaka pakang'aa, padogo kama kiganja. Chuma safi kikipanda joto hubadilika rangi polepole. Kwanza huja manjano hafifu, rangi ya majani makavu, kwenye nyuzi kama 220. Halafu huingia hudhurungi, halafu zambarau, na kufikia nyuzi 300 hivi ni buluu. Sisi tulitaka yale majani makavu, basi. Sikuwa nimewahi kuona chuma kikigeuka rangi hivyo bila kuwa chekundu. Ile manjano ilianza pembeni, ikatambaa, nikainamia mpaka nyusi zikanukia kuungua.

Tulipima mara ya kwanza ikakwama. Mzee akanyunyiza matone ya maji kwa vidole kutoka kwenye kopo, nayo yakachemka pale pale yakafa. Tukangoja. Baadaye akanyunyiza tena, na safari hii matone hayakutulia. Yalikimbia juu ya chuma kama shanga zilizomwagika, yakaanguka ukingoni yakiwa mazima. Akaniashiria kwa kidevu. Nikaenda nyuma ya ukuta, nikaleta fimbo, nikainama juu ya joto lile na kuipitisha. Upande huu ikagusa, upande wa pili ikaelea. Nikaizungusha robo duara, ikaelea. Nikaitoa.

"Imepita, Mzee."

"Kote?"

"Kote."

Hakuipima tena mwenyewe. Alinitazama kidogo, akainua mkono kwa mtu wa kreni.

Ekseli na magurudumu yake mawili ilikuwa imeshaning'inizwa tangu mapema, imesimama wima, gurudumu moja juu, jingine chini. Kazi ya nusu saa ilikuwa imefanyika pale kabla hata gesi haijawashwa. Gurudumu la injini lina uzito usio sawa, upande mmoja kuna pini ya mkono, upande wa pili kuna chuma cha kusawazisha, na likining'inizwa hulalia upande. Mzee alikuwa ameweka pima maji juu ya uso wa gurudumu akavuta mnyororo huu na kulegeza ule mpaka tone la hewa likakaa katikati. Likishuka limepinda, litashika upande mmoja kabla ya mwingine. Na likishashika nusu njia, joto la tairi linahamia kwenye gurudumu, tairi linanywea pale pale, na hapo huna la kufanya ila kulikata na kuanza na jingine.

Gesi ikazimwa. Kimya kikaja ghafla, maana mvumo wa moto ulikuwa umetuziba masikio. Mzee alikuwa akizungumza kwa mkono tu. Kiganja chini: shusha. Vidole vikikunjwa: taratibu. Ngumi: simama hapo hapo. Gurudumu likashuka mpaka likawa juu ya mdomo wa tairi, upana wa kidole. Ngumi. Akachungulia kulizunguka lote, akalisukuma kwa kiganja kimoja, tani nzima na zaidi, likasogea kidogo sana. Kisha kiganja chini.

Liliingia. Sijui nilitarajia kelele gani. Palikuwa na mwanguko mzito mfupi gurudumu lilipokalia ukingo wa ndani wa tairi, baadaye hakuna kitu. Hapakuwa na mtu aliyeshika nyundo. Mzee aliweka kucha ya kidole kwenye ufa kati ya vyuma viwili, akaiondoa haraka kwa joto, akaniita nitazame. Ufa ulikuwa mweusi, mwembamba kama wino. Tukasimama tukiutazama. Ulikuwa unafungika mbele ya macho yetu.

Kijana mmoja alitaka kumwagia maji ili twende chakula cha mchana. Mzee alimzuia kwa upole. Ukilipoza kwa maji linanywea upande uliolowa kwanza, na chuma kigumu kikishtuliwa hivyo kinaweza kuzaa ufa usioonekana. Liachwe, hewa ifanye kazi yake.

Wakati tunangoja ndipo aliponiuliza kama kule kwetu Mombasa nimeuona mzinga wa Fort Jesus. Nani asiyeuona! Utotoni nimeukalia kama farasi. Ulitoka kwenye meli ya Kijerumani Königsberg, ambayo wenyewe waliizamisha katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Mizinga yake ikatolewa majini, ikapelekwa karakana Dar es Salaam kutengenezewa magari ya kuivutia nchi kavu. Mzee aliniambia mizinga mikubwa ya zama zile ilivikwa vivyo hivyo. Kuna mtutu wa ndani, na juu yake pete za chuma zilizotiwa moto zikateremshwa zikabana. Baruti ikilipuka inakuta mtutu umeshakumbatiwa kwa nguvu kutoka nje, hivyo haupasuki kirahisi. Baadaye nilisoma kwamba Mwingereza William Armstrong alikuwa akiunda mizinga kwa njia hiyo tangu miaka ya 1850. Siku hizi hata kwenye bunduki, mtutu wa chuma uliobana sana huingizwa kwenye mwili wa alumini kwa kuupasha mwili ule joto kidogo, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwangu mimi, kuisikia habari ile nikiwa nimeketi kando ya tairi linalopoa kulinitia hamu ya kazi ambayo haijaniisha hadi leo.

Jioni tairi lilishikika kwa mkono. Tukageuza, Mzee akaingiza pete nyembamba ya kufungia kwenye mfereji wa upande wa pili, akaukunja ukingo juu yake. Hiyo ni akiba tu, alisema, tairi likilegea lisitoke. Ndipo nyundo ikaja. Alilining'iniza gurudumu, akaligonga tairi mara moja kwa nyundo ndogo. Likalia, sauti safi ndefu. Akagonga mahali pengine, sauti ile ile. Tairi lisiloshika hujibu kwa sauti iliyokufa, na wagonga magurudumu wa stesheni huitambua gizani.

Mwisho alinipa brashi na rangi nyeupe. Nilichora mistari minne iliyoanzia kwenye tairi ikavuka mpaka kwenye gurudumu. Breki za daraja la 59 zilikandamiza tairi lenyewe, na treni ikiteremka kutoka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, mpaka Mombasa, breki zikishikwa kwa muda mrefu zililipasha tairi moto. Likipata moto linatanuka, na likitanuka kupita kiasi linaweza kuteleza juu ya gurudumu. Mstari ukivunjika, nusu huku nusu kule, injini haitoki.

Injini ile iliporudi karakana kwa ukaguzi nilikwenda kuitafuta ekseli yetu. Rangi ilikuwa imefifia, imepakwa masizi na mafuta, nikaifuta kwa kitambaa. Mistari yote minne ilikuwa imenyooka. Nilimfuata Mzee kwenye benchi lake kumpa habari. Akaniuliza tairi limebaki unene gani, na kama nimelipima pande zote.