Jenereta Ambayo Sikuiandika

Jana usiku nilifungua sanduku la madaftari yangu ya zamani ya utafiti. Nilikuwa natafuta tarehe moja tu, nikajikuta nimekaa sakafuni saa mbili nzima.

Kila ukurasa una safu zilezile: tarehe, joto, upepo, mvua, mwezi, kisha wadudu kwa idadi yao. Nondo, mbawakawa, panzi, nyenje. Mwandiko wenyewe mzuri kuliko wa sasa. Lakini usiku wote ule, hatua chache kutoka kwenye mtego wangu wa taa, jenereta ilikuwa inanguruma ili taa iwake. Safu ya kelele haipo.

Siku hizi kelele ndiyo kazi yangu. Watu huniuliza niliwaachaje wadudu nikaenda kwenye kelele, kana kwamba niliwaacha. Nyenje dume huimba kwa kusugua mbawa zake, na masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Ukiwa na mdudu wa namna hiyo mkononi, utaikwepaje sauti? Mimi niliikwepa miaka mingi. Aibu yangu iko hapo.

Kilichonizindua ni utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2012. Panzi dume waliokamatwa kando ya barabara kubwa waliimba tofauti na wenzao wa sehemu tulivu: zile sauti nzito za wimbo wao zilikuwa zimepanda juu kidogo, na walipimwa maabara, mahali pasipo na gari hata moja. Niliusoma mara tatu siku ileile. Halafu 2018 wakaja viwavi wa kipepeo Monarch. Waliposikilizishwa kelele za magari kwa saa 2, mapigo ya moyo yalipanda. Waliokaa nazo siku 7 au 12, hayakupanda tena. Baadhi ya wenzangu walifurahi: wamezoea! Mimi sikufurahi. Kiwavi asiyeshtuka tena, je, atashtuka nyigu akimjia?

Basi pale sakafuni nikaanza kupiga hesabu, ugonjwa wangu wa siku zote: jenereta ingekaa mbali kiasi gani? Mahali pa wazi, ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye chanzo cha sauti, unapunguza desibeli (kipimo cha sauti) 6 hivi tu. Ningehitaji waya mrefu wa kuchekesha, na waya wenyewe hatukuwa nao.

Siwezi kusema jenereta iliharibu data zangu. Pengine nondo hawakujali. Wale wenye masikio huyaelekeza zaidi kwenye milio ya popo, iliyo juu mno kuliko mngurumo wa injini. Nyenje ndio wananikosesha raha. Niliandika "wachache" usiku baada ya usiku, na katika ripoti nikalaumu ukavu wa udongo. Hakuna aliyenipinga. Ningekuwa mimi mhakiki, nami nisingepinga.

Daftari la nne nililifungua nikiwa nimeshachoka. Pembeni mwa ukurasa mmoja, nje ya safu zote, kuna maneno kwa kalamu ya risasi, mwandiko wangu mwenyewe, sikumbuki kabisa kuyaandika: "Saa nne mafuta yameisha, taa imezima. Nyenje wameanza."

Chini yake nimepiga mstari, nikaendelea na ukurasa wa kesho yake.