Tulivyong'oa grili za bweni baada ya Endarasha

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha shule za bodingi miaka na miaka, na nilipoacha kazi nikasema sasa ni parachichi zangu na wajukuu basi. Halafu Septemba 2024 ukatokea moto wa shule ya Endarasha kule Nyeri, Kenya, wavulana 21 wakateketea bwenini usiku. Sikulala. Maana nilishakuwa mwalimu wakati wa moto wa mabweni ya Bombolulu 1998 na Kyanguli 2001, pale Kyanguli pekee tulizika watoto 67, na kote kuwili ilikuwa dirisha lina vyuma na mlango una kufuli.

Nikaenda shule moja huku kwetu, mkuu akaniambia "Mwalimu, grili zikitoka wezi wanaingia na vijana wanatoroka." Sikubishana naye. Nilitafuta ule mwongozo wa usalama shuleni wa wizara, wa 2008, nikaprinti kurasa za mabweni tu nikaanza kuwagawia wazazi: dirisha lisiwe na grili na lifunguke kwa nje, mlango usipungue futi 5 upana na usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, kitanda hadi kitanda mita 1.2. Wengi hawakuwa wameuona hata siku moja, na walimu pia jameni!

Siku ya wazazi tukaingia bwenini na tepu ya fundi. Mama mmoja muuza sukuma akapima kati ya deka (kitanda cha ghorofa) ya mwanawe na ya jirani, sentimita 40, akashika hapo hapo kwa kidole akatoka nayo hadi kwa mwenyekiti wa bodi, "Mzee, nionyeshe mtoto wangu atapita wapi moshi ukijaa." Mzee akanyamaza kabisa.

Lakini kilichomaliza ubishi ni kuwatolea hofu ya wezi, tukachanga taa za nje na mlinzi wa pili wa usiku, ndio bodi ikakubali. Fundi wa weldi akaja na grainda akakata zote, vyuma tukauzia mtu wa skrapu na hizo pesa zikaongezewa kununua mitungi ya kuzima moto. Komeo sasa liko ndani.

Bweni moja bado limesongamana, wamechukua watoto kuliko nafasi, na hapo siachi, barua iko ofisi ya elimu na nitaifuata. We kama una mtoto bodingi, muulize matroni usiku funguo ziko na nani na yeye analala wapi.