Miche ya mananasi: usichanganye ya kila aina

Kwa shamba la biashara hapa Kigoma, chagua machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina. Yakitunzwa huzaa kwa miezi 15 hadi 18. Yale ya kwenye kikonyo, chini ya tunda, huchelewa kidogo. Kishungi cha juu kinaweza kufika miaka miwili, lakini sokoni huuzwa na tunda lake, kwa hiyo kukipata kwa wingi ni kazi.

Uzito ndio muhimu zaidi. Tafuta miche ya gramu 300 hadi 500, na ipange kwa ukubwa, kila saizi na tuta lake. Ukichanganya, mikubwa huifunika midogo na mavuno hayaji pamoja. Mnunuzi wa lori hatakusubiri.

Kabla ya kulipa, funua majani ya chini. Ukiona unga mweupe na sisimizi, hiyo ni dalili ya vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaoeneza ugonjwa wa kunyauka. Kataa mzigo wote, hata kwa bei ya kutupa.

Mche mbichi wenye kidonda huoza haraka mvua zikianza. Bandua majani makavu ya chini, uanike kitako kikiangalia juu mpaka kidonda kikauke. Kwa mistari pacha, yaani sentimita 30 kati ya mche na mche, 60 kati ya mistari miwili ya pacha na 90 kati ya pacha na pacha, ekari humeza karibu miche 18,000.