Tik tik ya shangazi

Hii ilikua 2017, mwezi wa Shaabani, zile wiki za mwisho kabla ya Ramadhani ambapo Lamu kila mtaa una harusi mpaka hujui uende ipi uache ipi. Binti ya ami yangu alikua anaolewa, na shangazi yetu, ambae sauti yake Langoni nzima waijua, akasema yeye hatoi sufuria wala seti ya vikombe, zawadi yake ni nyimbo. Yeye aimbe, mimi nirekodi, ipigwe siku ya kupamba, ile ya wanawake kumtazama bibi harusi.

Studio yangu ni chumba cha juu kwa bibi. Laptop, kadi ya sauti ya treki mbili, maiki moja ya kondensa nliyouziwa na mtu Mombasa, na godoro limesimamishwa ukutani. Zile kuta za mawe zilivyo nene zasaidia sana lakini dirisha ni dirisha tu, na chini ni kichochoro cha punda, kwa hivyo tulirekodi baada ya isha, saa nne hivi, punda washafungwa. Udi, ile ala ya nyuzi, nlikua nishapiga mwenyewe siku mbili nyuma, na kidumbaki, ngoma ndogo, nikakibandika kutoka kwa laptop, beat 96 kwa dakika.

Shangazi hakutaka hedifoni. Akasema akizibwa masikio yote mawili anakua kama mtu aimba ndani ya mtungi, na mtandio ashaufunga vizuri hataki kuufungua kwa sababu ya mitambo yangu. Tukapatana upande mmoja. Sikio la kulia limefunikwa, na ile bakuli ya kushoto akaisukuma mbele ikakaa shavuni imeangalia nje. Tena alikua achelewa kidogo kwenye kila mstari, shangazi haendi kwa saa ya mtu, basi mimi nikawa nampandishia sauti ya metronomu, ile tik tik ya kumshika na mdundo, ndani ya hedifoni mpaka akasema haya basi sasa nasikia. Akaimba mara tatu, ya tatu mpaka bibi chini akanyamaza. Mimi mwenyewe nilipata baridi mwilini.

Siku mbili kabla ya harusi nikamaliza miksi, natumia Reaper, programu ya kurekodi, ile unaambiwa ujaribu siku 60 na ukimaliza inaendelea kukusalimia tu kila ukiifungua. Nikaeksporti, yaani nikaitoa kama faili, nikatia kwenye simu, nikashuka nikakaa barazani kusikiliza kama mtu wa kawaida. Lo. Kwanza inapasuka, kila akipandisha sauti kuna krrr kama karatasi. Hio niliijua haraka, nikarudi juu nikakuta masta, pale treki zote zinapokutana, imewaka nyekundu, imepita sifuri, ndio kikomo cha sauti, kwa desibeli nne. Ndani ya programu namba zina nafasi ya kupita hapo zisiharibike lakini faili unayotoa ikifika sifuri yakatwa kichwa, ndio hio krrr. Nikashusha treki zote pamoja, kwisha.

Ya pili ndio ilinitoa jasho. Kila shangazi akinyamaza kati ya beti, udi uko peke yake, kwa mbali wasikia tik, tik, tik, tik. Ndogo lakini ukishaisikia mara moja husikii kitu kingine. Nikasema hii ni metronomu imeingia kwenye faili. Nikapima kwenye mchoro wa sauti kutoka tik hadi tik nikapata sekunde 0.625, na ukigawa 60 kwa 96 ndio hio hio. Basi nikawa na uhakika, na huo uhakika ndio ulionimaliza, maana metronomu kwenye hii programu kwa kawaida haitoki kwenye faili, yasikika kwako tu ukicheza. Kwa hivyo nikaanza kulaumu eksporti. Nikatoa WAV badala ya MP3, tik. Nikabadilisha kipimo cha sampuli za sauti, kilohezi 48 kwenda 44.1, tik. Nikaacha kurenda, yaani kutoa faili, kwa haraka nikairenda polepole nyimbo yote inapita vile ilivyo, dakika tano na ushee nimekaa naangalia mstari ukitembea, tik. Stima ikapotea. Ikarudi. Nikafuta programu nikaiweka upya. Saa saba usiku niko na faili tisa kwenye desktop, zaitwa final, final2, final ya kweli, na zote zina tik.

Mdogo wangu wa kike, wakati huo yuko form 3, alikua amelala chumba cha pili akaja na leso begani kaudhika kweli. "Kaka, si uzime hio kengele yako basi, watu walale." Nikamwambia ndio nashindwa kuizima, imeingia kwenye nyimbo. Akasema la, hio unayopiga saa hizi hapo. Nikaangalia. Wallahi metronomu ilikua imewaka tangu siku ya kurekodi. Wiki nzima namiksi huku yapiga, sikio lishaizoea, kwa hivyo tik yoyote ndani ya nyimbo nilikua naihesabu ni yake. Nikaizima, nikacheza, na tik bado iko. Sio eksporti basi, na sio metronomu ya leo. Nikazima udi, nikazima kidumbaki, ikabaki treki ya shangazi peke yake, yeye kanyamaza anavuta pumzi, na nyuma ya pumzi tik, tik, tik, safi kabisa. Nikaikumbuka ile bakuli ya hedifoni shavuni kwake, shubiri moja kutoka kwa maiki, metronomu yavujia humo. Na kompresa yangu nayo ilikua imembana pale anapopaza halafu mimi nikainua treki nzima, kwa hivyo kila kilichokua chini kikaja juu, pumzi, feni, na tik.

Kumrudisha aimbe tena haiwezekani, alikua kashapanda boti kenda Faza kualika watu. Zile sehemu alizonyamaza nikazikata, kila mkato nikautia fedi, sauti ishuke taratibu, fupi ya milisekunde kumi isije ikatoa tik nyingine ya kwangu mimi. Lakini chini ya maneno yenyewe huwezi kukata. Nikajaribu ile ya kusafisha kelele, sauti ikawa kama yuko chini ya maji pale jetini, nikaifuta.

Alfajiri nimeketi nikaona pembe ya nyati ya bibi kwenye zidaka, ile ya vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, na kijiti chake. Nikaichukua nikapiga mara moja mbele ya maiki, ta! Kavu, kali, sauti yakaa pale pale tik inapokaa. Nikarekodi vipigo vichache nikavipanga kimoja kimoja juu ya kila tik pale anapoimba, mpaka jua likatoka. Sikio likachukua pembe, tik ikafa.

Siku ya kupamba mimi nilikua nje na wanaume, nikasikia tu nyimbo yatoka juu ya ukuta na vigelegele juu yake, mpaka nikasahau kusikiliza kama kuna kelele. Baada ya harusi shangazi akaniita jikoni kwa bibi.

"Ndoo hapa. Ile pembe ni ya nani?"

"Ni ya bibi, shangazi."

"Na ni nani aloipiga?"

"Mimi."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mwanamume kupiga vugo! Ndio maana. Wapiga kama saa ya ukutani."